Mikono ya Bortolo

4 Oktoba

Mvua. Ilianza jana katikati ya misa na mpaka sasa haijapumua. Mto Mella umegeuka rangi ya kahawa yenye maziwa mabaya.

Leo nimepokea mgonjwa. Dada yangu Delfina ameniletea bastola ya mumewe, imefungwa kwenye taulo la jikoni, akaitua mezani kama mtu anayemrudishia jirani sufuria iliyoungua.

"Hiyo hapo, kaka. Anataka uirudishe iwe mpya."

"Kwa mikono hii? Itakuwa mpya kuliko siku iliyozaliwa."

"Mimi mkewe," akasema, "na hajawahi kunipapasa kama alivyoipapasa hiyo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Delfina alizaliwa Januari, mwezi wa barafu huku kwetu, na hajawahi kutoka humo.

Kabla sijaendelea, nijitambulishe, maana ukitaka sifa zako zisemwe vizuri, zianze mwenyewe. Mimi ni Oliviero Zubani, mng'arishaji na mtia weusi wa mitutu ya bunduki. Shule niliishia nilipoishia, lakini nimeona Nuremberg, nimeona Texas, kiwanda kikinipeleka maonyeshoni ili wageni waone mtu halisi. Wamarekani Jumapili hujivalisha kama babu zao na kupigana vita vya kuigiza, na bastola za babu zao tunawatengenezea sisi, huku bondeni, kati ya mlima na mlima. Ni nakala: mtutu wa pande nane, baruti nyeusi unaimimina mbele ya silinda, kisha risasi ya mviringo kama njegere. Zimepita mikononi mwangu nyingi kuliko harusi alizofungisha padri. Hakuna niliyoiacha na mkwaruzo.

Hii ya Bortolo, mume wa Delfina, imeliwa na kutu kuanzia mdomoni hadi mpinini.

6 Oktoba

Nimekwenda kumwona. Shemeji yangu anakaa dirishani na mashine ya hewa miguuni, inakoroma kama mbwa mzee. Daktari wa Brescia amesema moyo umechoka. Bortolo anasema moyo haujachoka, umestaafu, kama yeye.

"Shemeji, unaweza?"

"Unamuuliza samaki kama anaweza kuogelea?"

"Nataka sikukuu ya Mtakatifu Martino niwe kwenye mstari wa shabaha, klabuni. Mara moja tu. Na bastola yangu, mikono mitupu."

Nikasema sawa, na mzaha ukanikauka mdomoni, maana kila mtu bonde hili anajua mikono mitupu ya Bortolo maana yake nini.

Kuna watu jasho lao halipatani na chuma. Mtu wa hivyo akishika leo, kesho kuna kutu yenye umbo la kidole chake. Si kosa, si uchafu, ni alivyoumbwa. Zamani kijana akiingia kazini alipewa kipande cha chuma kilichong'arishwa, anakikamata muda wa kusali Baba Yetu, kinawekwa kabatini hadi asubuhi. Changu kilitoka kama kioo. Cha Bortolo kilitoka na vidole vitano vyekundu. Alikuwa na jicho la kipanga na subira ya punda, angekuwa fundi mkubwa, naandika hivyo mimi nisiyesifu watu ovyo. Wakamvika glavu nyeupe za pamba wakampeleka stoo kufungasha. Huko ndiko alikomalizia maisha yake yote ya kazi: bunduki zote nzuri za bonde zimepita mbele yake, hakuna aliyoigusa.

Alipostaafu akanunua hii moja. Akaishika bila glavu, kila siku, mpaka ikaoza.

7 Oktoba

Mvua. Maharage.

9 Oktoba

Nimechukua kipimo cha mkono wake, maana mpini wa kiwandani ni wa watu wenye afya. Udongo sikuwa nao. Kulikuwa na polenta ya mchana, ule ugali wetu wa mahindi, imepoa, imeshikana. Nikamwambia kamata hapo kama unavyokamata bastola. Akakamata. Kipimo kizuri ajabu, hata mstari wa maisha umetokea.

Delfina akaingia. "Hicho ni chakula!"

"Ni sayansi, mdogo wangu."

"Sayansi yako utaila wewe."

Bortolo alicheka mpaka tukaongeza hewa kwenye mashine. Nimeila kweli nilipofika nyumbani, baada ya kupima. Niliikaanga kwa siagi. Nikaacha kidole gumba mwisho, sijui kwa nini, kisha nikala nacho.

13 Oktoba

Mpini nimeukata upya kwa mti wa jozi, mwembamba, mwepesi. Kifyatulio nimekilegeza, sasa hata paka angeweza kufyatua. Nimempelekea mpini ajaribu. Umekuwa mnene kidogo.

"Polenta ilivimba," nikasema.

"Polenta haivimbi," akasema Delfina.

15 Oktoba

Siku ya mtutu. Hapa niruhusiwe kujivuna ukurasa mzima.

Kutu ya juu juu ilitoka kwa mafuta na brashi. Lakini upande wa kushoto, pale gumba lake linapolala, kulikuwa na shimo. Dogo, lakini limekwenda chini kama jino bovu. Fundi wa sokoni angesugua pale pale penye shimo, akaacha bonde linaloonekana ukiinamisha mtutu kwenye mwanga. Mimi huwa sifanyi aibu hiyo. Shimo huliendei, unalishushia nyumba yote. Nikaufunga mtutu, nikachukua tupa ndefu, nikaushusha upande mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, mvuto mmoja na pumzi moja, mvuto mmoja na pumzi moja, jicho langu likiwa kwenye shimo tu. Likapungua. Likawa nukta. Likawa kivuli cha nukta. Mchana likafa. Halafu msasa, mnene, mwembamba, mwembamba zaidi, kingo zote nane zimesimama kali kama wembe.

Nimepiga mluzi mpaka jirani akagonga ukuta.

18 Oktoba

Nimempunguzia tena mpini. Safari hii sikusema kitu kuhusu polenta.

Delfina amenivuta jikoni. "Asiende huko uwanjani. Baridi, moshi, watu. Unamtia ndoto."

"Wewe ungependa afe amekaa dirishani akihesabu malori?"

Aligeuka akaendelea kumenya viazi. Nasema tena: Januari.

22 Oktoba

Mvua inanisaidia, angalau kwa hilo. Weusi wa kweli hautaki haraka wala jua. Unakiosha chuma kwa chokaa mpaka hakina hata kumbukumbu ya mafuta, unakipaka dawa, unakiacha kwenye kisanduku chenye unyevu kishike kutu. Ndiyo, kutu. Kutu nyembamba kama vumbi la bawa la nondo. Unakichemsha, nyekundu inageuka nyeusi, unapiga brashi, unapaka tena. Kila mara weusi unazama zaidi. Mwisho ni rangi ya ziwa usiku. Kazi hizo zote nazifanya nikiwa nimevaa glavu, hata mimi mwenye mikono ya malaika.

Bortolo aliniuliza jana, "Kwa hiyo na nyinyi mnatumia kutu?"

"Yetu imesoma, shemeji. Yako ni ya mitaani."

24 Oktoba

Tabaka la tatu. Mvua. Njugu za chestnut za kuchoma, nusu zina funza.

27 Oktoba

Mpini. Tena.

30 Oktoba



Asubuhi nimemaliza tabaka la mwisho. Nikaupaka mtutu mafuta, nikaupeleka dirishani, nikasema kwa sauti, Oliviero, wewe ni mnyama. Nikazungusha upande kwa upande kuangalia alama, kama mama anavyohesabu vidole vya mtoto. Namba ipo, kwenye fremu. Silinda ina muhuri wake. Nikafika upande wa kushoto wa mtutu.

Hakuna muhuri.

Kila silaha inayotoka bonde hili hupelekwa kwanza Nyumba ya Majaribio. Huko hupigwa baruti ya kupita kiasi. Isipopasuka, wanaigongea muhuri. Mtutu usio na muhuri ni bomba tu, na anayeufuta ni mhalifu. Mtoto wa hapa analijua hilo kabla ya ishara ya msalaba. Muhuri ulikuwa upande wa kushoto, haukugongwa kwa kina. Na mimi, fundi mkubwa, niliushusha upande ule mzima nikilifukuza shimo, nikapiga mluzi.

Fundi mbaya asingeweza kufanya kosa hili. Angechoka mapema.

31 Oktoba

Nimekwenda kwa Ersilia Bonsi. Huyu ni mchonga nakshi, binti wa mchonga nakshi, na kwenye klabu yetu ya shabaha ndiye mkaguzi: hakuna bastola inayofika mstarini kabla hajaipitisha kidole. Mwanamke mkavu kama samaki wa Krismasi. Sijawahi kumpenda na yeye hajawahi kuchekea mzaha wangu, ambayo kwangu ni dhambi kubwa zaidi.

Niliuweka mtutu mbele yake. Akavaa miwani, akauinamisha kwenye taa.

"Kazi nzuri sana, mzee Oliviero."

"Asante."

"Muhuri uko wapi?"

"Ndicho nilichokujia. Mama, kwako hiyo ni kazi ya muda wa kunywa kahawa. Nyota, ngao, herufi tatu. Mtutu ni ule ule! Ulishapigwa, haukupasuka. Nimepunguza unywele tu."

"Nywele ngapi?"

"Mama, ni kwa Bortolo. Hana muda."

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani amekasirika. "Patasi za baba yangu hazijawahi kuandika kitu ambacho hakikutokea. Hazitaanza na mimi. Upeleke wajaribu upya."

"Watachukua wiki kadhaa! Martino ni tarehe kumi na moja!"

"Najua Martino ni lini."

Nilitoka nimebamiza mlango. Nilimwita mengi njiani kwenye mvua, mengine kwa Kijerumani.

2 Novemba

Siku ya Marehemu. Makaburini wote, miavuli, maua ya krisanthemu yamelowa yameinama kama walevi. Delfina alikuja peke yake. Kwenye kaburi la mama nikaona ameweka kichwa begani mwangu, kitu ambacho hajafanya tangu tulipokuwa watoto, nikashtuka, halafu nikasikia pumzi yake. Alikuwa amelala. Amesimama, amelala.

Jirani yake aliniambia baadaye: huyu halali usingizi. Anakaa kwenye kiti mlangoni kwa Bortolo usiku kucha kusikiliza mashine isizime.

Basi nami nikasimama wima mpaka alipoamka, mvua ikiniingia kwenye kola.

3 Novemba

Nyumba ya Majaribio. Karani ana adabu. Mtutu wameupokea. Foleni, halafu sikukuu, halafu foleni. Labda mwisho wa mwezi.

Bortolo alinipigia simu: "Imefikia wapi?" Nikamwambia inapumzika.

6 Novemba

Nimemwambia.

Nilipanga mzaha wa kuanzia. Nilikuwa nao mitatu. Nilipoingia, alikuwa ameketi na ule mpini mkononi, anakifumba na kukifumbua kiganja juu yake, na sasa umemlegea tena, na mizaha yote ikaniruka kama kunguru.

"Bortolo, nimeufuta muhuri."

"Upi?"

"Wa mtutu. Nilikuwa nafuata shimo lako. Upande wa gumba."

Alinitazama. Mashine ikakoroma. Nilidhani atalia, na nilijua nikiona hivyo nitajirusha Mella. Akaanza kucheka. Bila sauti, mabega tu.

"Kwa hiyo mimi," akasema, akavuta hewa, "niliiharibu kwa kidole. Na wewe umeimaliza kwa ufundi."

"Nisamehe, shemeji."

"Ulipiga mluzi?"

"Eh?"

"Ulipokuwa unasugua. Ulipiga mluzi?"

"Nilipiga."

"Mwanaharamu," akasema kwa upendo mwingi. Kisha akageukia dirisha. Malori yalipita. Akasema, si kwangu, "Nilitaka tu wanione nimeishika. Wale wa mstarini. Waone nimeishika na hakuna aliyepiga kelele."

Delfina alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Alinipita, akamfunika miguu. Aliporudi jikoni nikamfuata nikiwa tayari kutukanwa. Akanipa sahani ya supu. "Kula," akasema. "Umekonda kuliko yeye."

8 Novemba

Mvua.

9 Novemba

Mvua. Bortolo hakushuka kitandani.

10 Novemba

Delfina amepiga simu asubuhi. "Kesho njoo na gari. Anasema atakwenda kuangalia tu. Nimemwambia sawa."

"Wewe ndiye uliyesema baridi, moshi, watu."

"Nilisema. Njoo na gari."

11 Novemba

Mtakatifu Martino. Mvua ilikatika alfajiri, ukungu ukabaki, mlima umekatwa kiunoni.

Tulimweka Bortolo nyuma ya mstari, kwenye kiti, blanketi mbili, mashine pajani. Wenzangu wa zamani walikuja kumsalimia. "Oho, stoo imefungua!" "Bortolo, umeleta barua ya mizigo?" Akawajibu wote, polepole. Niliona kila aliyemkaribia na bastola yake alivyoihamishia upande wa pili wa mwili. Hawakuwa wanafanya kwa ubaya. Hata hawakujua kama wanafanya. Nimeishi nao maisha yote na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu mimi pia nilikuwa nikiihamisha yangu.

Moshi mweupe, ule uvundo wa yai bovu ninaoupenda kuliko uvumba. Raundi ya kwanza ikaisha. Ersilia akaja kutoka mezani kwake, ameshika bastola ya baba yake. Wote wakageuka. Hiyo bastola ni miongoni mwa nakala za mwanzo kabisa zilizotengenezwa bondeni, mzee Bonsi aliichonga majani ya mzabibu kuanzia mdomo hadi nyundo, na weusi wake, nasema ukweli, mimi siwezi kuufikia. Ersilia huishika kwa kitambaa cha ngozi. Hata mkufunzi wa klabu hajawahi kuigusa.

Alikuwa ameijaza mwenyewe, risasi tatu. Akasimama mbele ya kiti.

"Bwana Bortolo. Zamu yako."

Bortolo akatazama bastola, akamtazama yeye. Akaanza kupekua mfukoni. Akatoa glavu zake nyeupe za pamba. Alikuja nazo! Mtu aliyekuja kuangalia tu.

"Za nini hizo?" akauliza Ersilia.

"Ni ya baba yako, mama."

"Najua ni ya nani. Shika."

"Itaingia kutu. Kesho tu utaona."

"Kesho nitaona. Shika, watu wanangoja."

Delfina akazichukua zile glavu kutoka mkononi mwake, akazitia kwenye mkoba wake, akaufunga. Bortolo akaipokea bastola kwa mikono miwili. Akaitembezea vidole juu ya majani yote yale, jani kwa jani, taratibu, kama kipofu anayesoma. Hakuna aliyepiga kelele.

Nilimshika upande mmoja, Delfina mwingine, tukamsimamisha mstarini. Risasi ya kwanza iliua kilima. Ya pili ilichana ukingo wa karatasi, na wale wazee wakapiga makelele kama vile Brescia wamefunga bao. Ya tatu hakuipiga. Mkono ulishuka wenyewe.

"Inatosha," akasema.

Tulipomkalisha akatoa leso, akaanza kuifuta bastola. Haraka haraka, mpini, mtutu, silinda, mazoea ya maisha yote. Ersilia akaushika mkono wake.

"Acha."

"Mama, bado mapema, ikifutwa sasa..."

"Acha hivyo hivyo."

Akaiingiza kwenye kisanduku bila kuifuta, akafunga kifuniko. Ndipo nikaona macho yake, mekundu vile vile kama siku ile niliyombamizia mlango.

12 Novemba

Mvua imerudi. Bortolo amelala siku nzima. Delfina naye amelala. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha mlangoni.

20 Novemba

Ameondoka jana mchana. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri.

22 Novemba

Tumemzika. Nilitaka kusema maneno kaburini, mimi mwenye maneno, nikashindwa. Nilikohoa. Watu wakadhani ni baridi.

27 Novemba

Nyumba ya Majaribio wamepiga simu. Mtutu umepita, umegongwa muhuri mpya, safari hii kwa kina. Nije niuchukue. Nimesema nitakuja.

4 Desemba

Sijaenda. Theluji mlimani, matope huku chini.

8 Desemba

Sikukuu ya Mama Maria. Klabuni kulikuwa na nyama ya mishikaki na divai mpya. Ersilia alikuja na kile kisanduku. Hakukifungua hadi Delfina alipofika. Dada yangu alikuwa hajawahi kuvuka mlango wa klabu maisha yake yote.

Nilisogea mbele kama kawaida yangu. Nilipoona kutu nikasema lile ambalo fundi yeyote angesema: "Mama Ersilia, niachie siku mbili tu. Nitaitoa yote bila kugusa nakshi. Bonde zima hakuna mwingine anayeweza."

"Najua unaweza," akasema Ersilia. "Kaa chini, mzee Oliviero."

Nikakaa.

Ilikuwa alama ya gumba, upande wa kushoto, juu ya majani ya mzabibu ya mzee Bonsi, nyekundu, kamili, na mistari yote midogo inayozunguka ndani ya mingine. Delfina akavua glavu zake za sufu. Akaliweka gumba lake juu ya ile alama. Gumba lake likazama ndani yake, pembeni pote pakabaki nafasi.

"Lake lilikuwa kubwa hivi," akasema. "Mwishoni nilikuwa nimesahau."